Mzee Mustapha Aweka Chini Viriba

Kabla ya neno lolote la sifa, ninawaomba ninyi mtakaosomewa karatasi hii, na wewe Silvano utakayeisoma kwa sauti, mshike siri. Isomwe ndani ya tembe la Sikudhani, mlango ukiwa umefungwa, na wawepo watu wa viriba peke yao. Isipite mkononi mwa mtu wa stesheni wala wa boma. Ikiisha kusomwa itiwe motoni, hata kama ndani yake kuna mahali palipowafurahisha. Ninajua kwamba wasifu wa mtu anayestaafu hauanzi hivi. Mtanisamehe, na mkifika katikati mtaelewa.

Mzee Mustapha bin Zaidi, mwanzilishi na kiongozi wa punda wa maji wa Dodoma, anastaafu siku ya Jumatatu, tarehe 30 Juni 1913, baada ya kuifanya kazi hii kwa miaka ishirini na minne. Miaka hiyo nimeihesabu mara mbili. Mara ya pili nilihesabu mbele yake, naye akasema mwaka wa kwanza usiingizwe, kwa sababu alikuwa na punda mmoja tu, tena wa kuazima. Nimeuingiza.

Alitoka kwao Kondoa mwaka 1889, akiwa na punda huyo na viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Wakati ule misafara iliyotoka pwani ilipofika Mpwapwa ilikuwa na nyika ya Marenga Mkali mbele yake, mwendo wa mchana na usiku bila maji. Wapagazi walipiga tirikeza, yaani waliondoka jua likianza kuinama, wakalala kiu njiani, wakafika Ugogo kesho yake midomo imepasuka. Watu wengi walikuwa wakiuza chakula upande huu na upande ule wa nyika. Mzee Mustapha aliingia katikati yake, akaketi kando ya njia na viriba vyake viwili, akangoja. Msafara wa kwanza ulidhani ni mwehu. Wa pili ulimwuliza atarudi lini.

Baada ya miaka mitatu alikuwa na punda tisa na watu wanne, na mmoja wao ni Matonya, ambaye leo ni mkuu wa wachungaji wetu wa punda. Sikudhani alijiunga mwaka uliofuata, na hakuna kiriba alichokishona kilichowahi kuvuja njiani. Yeye mwenyewe husema kilivuja kimoja, mwaka wa nzige, lakini anamsingizia panya.

Wakati huo walikuwapo wengine waliouza maji. Bashiri alikuwa na punda thelathini, na kila aliyewaona alisema Mzee Mustapha hatafika mwaka wa pili. Bashiri alidumu viangazi viwili. Mara nyingi nimemwuliza Mzee siri ya kudumu kwake, naye hunijibu kwamba hana siri, ana punda. Basi nimeandika niliyoyaona mwenyewe na niliyosimuliwa na Matonya, kwa sababu wale watakaoishika kazi hii watayahitaji kuliko punda.

La kwanza ni kwamba huonja maji kabla ya kuyauza, na husema kweli juu yake. Wapo waliomwona akiwaambia watu wenye kiu kali, "Haya ya kunywa. Yale yana magadi, fulieni." Mnunuzi mmoja alimwambia kwamba kwa kiu aliyokuwa nayo angekunywa hata mkojo wa punda. Mzee alimjibu kwamba huo pia anao, lakini hauuzi kama maji.

La pili ni punda mtupu. Katika kila safari punda mmoja hutembea bila mzigo, ili mwenzake akichechemea kuwe na mgongo wa kupokea. Bashiri alilicheka sana jambo hili, akasema Mrangi huyu wa Kondoa anampeleka punda kutembea. Mwaka ambao punda wa Bashiri wanne walianguka Marenga Mkali, viriba vyao viliachwa mchangani vikanywesha mchwa. Vyetu havijawahi kuachwa. Punda mtupu wa sasa, kama mjuavyo, anaitwa Bwana Shauri, jina la mkubwa wa boma, alilopewa na Matonya kwa kuwa hutangulia mbele na habebi kitu. Mwaka jana Matonya alikuwa akipiga kelele karibu na stesheni, "Bwana Shauri, toka njiani, masikio makubwa husikii," na askari mmoja akamshika bega akauliza ni nani anayetukanwa. Matonya alipotewa na ulimi kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mzee Mustapha akasogea taratibu, akasema, "Tumempa jina la heshima, afande. Akipita yeye, wote humpisha." Askari aliondoka akiwa hajui kama ameridhika. Silvano, kama kuna mtu usiyemjua humo ndani, ruka maneno haya. Nimeyaandika nikiwa nimekwisha kuangalia dirishani mara tatu.

La tatu ni kwamba asubuhi, kabla ya kufunga viriba, humwuliza njia ikoje mtu aliyeajiriwa mwisho kuliko wote. Yeye mwenyewe husema mwisho. Nilipoajiriwa kuwa karani mwaka 1911, nikitoka shule ya misheni ya Mpwapwa, alianza na mimi. Nikasema sijaona njia yoyote, kwani kazi yangu ni karatasi. "Basi kesho utakwenda nasi Chamwino ukaione," akasema. Nilikwenda kwa miguu. Matonya alitembea nyuma yangu akiwaeleza punda kwa sauti kubwa kwamba karani anakanyaga kama kuku aliyeingia kwenye majivu ya moto. Jioni malengelenge yangu yalipasuka, na aliyeniletea maji ya kuosha miguu ni Mzee mwenyewe, kabla hajanywa. Mpaka leo hajanywa safarini kabla ya mtu wa mwisho na punda wa mwisho.

Gari la moshi lilipofika Dodoma mwaka 1910, misafara ya miguu ilikufa, na watu walikuja kumpa Mzee pole kama waliofiwa. Hakulaumu reli wala hakuwabembeleza wapagazi warudi. Aliketi siku mbili kwenye kambi ya wajenzi akitazama ni nani anayetumwa kuchota maji na huchukua muda gani kurudi. Siku ya tatu alikuwa na kazi mpya. Maji ya kunywa aliyatoa kwenye kisima chake mwenyewe, kile cha nyuma ya nyumba, alichokichimba ndani ya mwamba kwa viangazi vitatu ili kimtunze uzeeni. Maji ya kujengea na kufulia yalitoka Chamwino, kwenye kisima cha mchangani cha Mama Loisi, mwenyeji wa huko.

Sasa nimefika mahali palipofanya niombe mlango ufungwe.

Nyote mmesikia maneno yanayosemwa sokoni tangu mwanzo wa mwezi huu, kwamba Mzee Mustapha ameuza kisima chake kitamu kwa watu wa reli ili akapumzike Kondoa, na kwamba amewaacha watu wake na punda wasio na maji ya kubeba. Matonya, uliniambia wewe mwenyewe, "Ametuuza pamoja na kamba." Nilikusikia nikanyamaza. Si kweli. Kisima kile kilitoka kwa ajili ya kosa, na kosa ni langu.

Desturi ya visima vya mchangani mnaijua. Mto ukikauka watu huchimba kwenye mchanga wa mto, na aliyechimba ndiye anayenywesha ng'ombe wake kwanza. Hawezi kumnyima jirani maji ya kibuyu, lakini mwenye mifugo sharti aombe zamu. Mwezi wa tano mwaka huu watu wetu walikwenda Chamwino kuwasaidia wana wa Mama Loisi kuchimba, kama kila mwaka, na safari hii sisi ndio tuliofika kwenye maji kwanza. Siku chache baadaye ililetwa karatasi ya reli, iliyotaka kila mwuza maji aeleze maji yake yanatoka wapi na mwenye kisima ni nani. Mzee aliniambia nijaze. Mahali pa Chamwino nilifikiri kwa makini, nikakumbuka kwamba aliyechimba ndiye mwenyewe, nikaandika: kisima cha Mustapha bin Zaidi, amekichimba. Mzee alitia dole gumba kwa sababu aliniamini.

Nilijua nusu ya desturi. Nusu nyingine sikuifundishwa shuleni na sikuiuliza. Haki ya aliyechimba ni ya kiangazi kimoja. Mvua ikishuka, mto hufukia kisima na haki yake pamoja, na ardhi hurudi kwa wenyeji walioikuta na watakaoiacha. Kila mmoja wenu angeweza kuniambia. Karatasi ya reli haina kiangazi. Mimi nilikuwa nimekitoa kisima cha Mama Loisi, chenye kunywesha kaya kumi na moja na ng'ombe zaidi ya mia tatu, nikampa mtu mmoja milele.

Wiki ya kwanza ya Juni jibu lilikuja. Msimamizi wa reli alihitaji maji ya mashine za gari la moshi, alikuwa amekiona kisima cha Chamwino kwenye karatasi, naye atakitwaa kwa mwenyewe Mustapha, aweke pampu, azungushe waya. Mifugo isikaribie. Nilimsomea Mzee barua hiyo nikiwa nimesimama. Kulikuwa na miezi mitano mbele yetu kabla ya mvua. Akikubali, Chamwino inakufa kiu. Akikana, basi serikali imeandikiwa uongo, na tunajua aandikaye uongo hupewa nini: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha mnyororo.

Hakunigombeza. Aliuliza, "Wewe uliandika nini hasa? Soma tena." Nikasoma. Kisha akauliza kama Mama Loisi amekwisha kusikia. Nikasema hapana.

"Basi twende kwake kwanza. Boma litangoja. Yeye asisikie kwa mtu mwingine."

Tulikwenda Chamwino siku ileile. Mama Loisi alitupokea kwa utani kama kawaida, akamwuliza Mzee kama leo amekuja kuposa au kuomba uji. Mzee akasema amekuja na kosa. Akalieleza lote bila kulipunguza, wala hakusema ni la nani. Mama Loisi alinitazama mimi, hakuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, Mama," nikasema, kwa kuwa sikuwa na lingine.

"Marahaba, msomi," akasema. "Miaka yote hii tunampa Mrangi maji, leo ametuletea karatasi. Hiyo karatasi yako ng'ombe wataweza kuilamba?"

Wanawe wakubwa wawili walikuwa wamesimama mlangoni na fimbo zao, na hawakuwa wakitania. Mzee akawaomba kitu kimoja tu, birika la bati alilowaachia miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya chai yake akifika. Mama Loisi akasema birika limeharibika, ndani limeota gamba. Mzee akasema ndiyo sababu analitaka. Akachungulia ndani, akaingiza kidole, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona uso wake umelegea. Gamba lilikuwa jeupe, nene kama ganda la yai la mbuni. "Mchukulieni," Mama Loisi akawaambia wanawe, "na mkirudi bila kisima msirudi na birika."

Tulirudi usiku, na asubuhi iliyofuata tulikuwa bomani, wana wa Mama Loisi wakingoja nje. Niliyoyaona humo nayaandika kama yalivyokuwa. Bwana Shauri aliketi, msimamizi wa reli alisimama dirishani, mkalimani katikati. Mimi nilisimama hatua tatu nyuma ya Mzee. Mzee hakuanza na karatasi. Aliliweka birika mezani, akasema maji ya Chamwino amekuwa akiyauza kwa watu wa reli kwa miaka mitatu, na tangu siku ya kwanza amewaambia ni ya kujengea na kufulia. Akasema birika hili limechemsha maji hayo, si kila siku, ila siku anazofika yeye tu. Msimamizi akasogea, akatoa kisu, akabandua kipande cha gamba, akakivunja kati ya vidole. Kisha akasema maneno mengi kwa lugha yao, kwa haraka, na uso wake ukawa mwekundu. Mkalimani hakuyatafsiri yote. Alisema tu, "Anasema mashine yake ingekufa kwa mwaka mmoja. Chamwino haitaki tena."

Nilidhani nitaanguka kwa furaha. Lakini Bwana Shauri alikuwa bado ameishika karatasi yangu. Aliuliza kisima hicho ni cha nani basi. Mzee akasema ni cha watu wa Chamwino. Akauliza ni nani aliyeandika kwamba ni cha Mustapha.

Mzee Mustapha hakugeuka kunitazama. "Mkono ni wa karani," akasema. "Maneno ni yangu. Mimi ni mgeni wa Kondoa, nilidhani aliyechimba ndiye mwenyewe. Nimekosea."

Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Ningeweza kusema, na sikusema. Hili ndilo ninalotaka lisomwe taratibu, Silvano, usilikimbilie.

Mkalimani alitafsiri. Bwana Shauri aliisoma tena karatasi. Kisha msimamizi akauliza kama mzee huyu, kwa kuwa anajua maji, anajua yapo wapi yasiyo na gamba, karibu na stesheni. Mzee akajibu kwamba yapo, nyuma ya nyumba yake. Akajibu papo hapo, kama mtu anayeulizwa saa. Yalionjwa saa ileile, yakachemshwa, na kabla ya adhuhuri kisima cha uzeeni mwake kilikuwa cha reli. Karatasi yangu ilichanwa. "Bwana Shauri anasema una bahati nywele zako ni nyeupe," mkalimani alimwambia Mzee, na tukaruhusiwa kwenda.

Njiani nilimwambia kwamba viboko vile vilikuwa vyangu. Akasema, "Wangekupiga wewe, mkono ungetetemeka mwaka mzima. Barua zangu angeandika nani, Matonya?" Kisha akanikataza nisimwambie mtu, kwa sababu neno lililotoka bomani na uzima huachwa hukohuko. Kwa hiyo akiwa ndani ya tembe hilo mnaposomewa, atanuna. Mwacheni anune. Nimemtii kwa wiki tatu, na katika hizo wiki tatu jina lake limetafunwa sokoni, naye amekuwa akisalimia wale wale wanaolitafuna.

Huo ndio mwisho wa kazi ya Mzee Mustapha, na sasa mnajua kwa nini umekuja mwaka huu na si mwaka mwingine. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa, na leo asubuhi ng'ombe wa Chamwino wamekunywa. Tangu siku ile nimelala usingizi ambao usiku wa barua ile sikuupata, na nadhani hata yeye, maana Sikudhani anasema sasa hukoroma hadi punda wanajibu.

Nanyi hamkuachwa bila maji. Kabla ya kutangaza kwamba anastaafu, alirudi Chamwino peke yake kuomba. Mama Loisi alimjibu kwamba watu wake waendelee kuja, baada ya ng'ombe, kama zamani, wachimbe pamoja na wanawe kama zamani, na karani abaki nyumbani. Punda kumi na nane wamegawiwa wachungaji, kila mtu wale aliowazoea, na wataendelea kutembea pamoja chini ya Matonya. Viriba vyote ni vya Sikudhani. Bwana Shauri hakugawiwa. Mzee amesema huyo ni wa wote, na siku mtakapompakia mzigo atasikia huko Kondoa.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa maji na kwa ukweli juu ya maji. Tunakushukuru kwa kuuliza njia kwa watu wadogo na kwa kunywa mwisho. Ufike Kondoa salama, ukute ndugu zako wazima, na huko asubuhi atangulie mtu mwingine kuamka. Uishi siku nyingi na nzuri, ukinywa wa kwanza.

Mimi, mkisomewa haya, nitakuwa nimekwisha kufika Kibakwe, ambako nimepata kazi ya kufundisha kusoma. Sikuondoka kwa kufukuzwa. Mzee aliniandikisha barua yake mwenyewe ya kunisifu, nami niliiandika kwa aibu kubwa. Mkitaka kunipata msiandike jina langu juu ya bahasha wala msipeleke posta ya stesheni. Mwenzetu yeyote anayekwenda Mpwapwa aingie sokoni amwulize Petro mfinyanzi, amwambie anamtafuta mwalimu anayeogopa punda. Petro atamwonyesha njia ya mlimani, na kabla ya jua kuchwa atakuwa mlangoni kwangu.

Salamu za kawaida zinaweza kungoja. Lakini ikitokea mtu wa boma akaulizia tena karatasi ya Chamwino, iliandikwa na nani na kwa maneno ya nani, msimtaje Mzee. Mwambieni Matonya amtume mtu mwepesi usiku huohuo. Mseme karani yupo, anakuja. Nipeni siku tatu, kwa kuwa mnajua ninavyotembea.